Ndege Aliyebisha Hodi Mara Tatu

Nilikuwa namenya viazi. Watu wanaonihoji siku hizi hutaka nianze na maabara, vinasaba na ile mashine kubwa ya Lima. Huwaambia hapana, habari yenyewe ilinikuta jikoni, kisu mkononi na maganda yamejaa mapajani.

Kituo chetu kilikaa kwenye ukingo wa bonde la Puyupampa, upande ule wa milima ya Peru unaotazama Amazoni, mahali ambapo ukungu hupanda asubuhi na kusahau kushuka. Sebuleni Hermelinda Huallpa alikuwa anahangaika na spika. Hermelinda ndiye mwenyekiti wa wanakijiji wa bonde lile, mwanamke mfupi asiyejua kuongea polepole. Tulizungumza kwa vidude vya tafsiri masikioni, na cha kwangu kilikuwa kimefundishwa Kiswahili kwa taarifa za habari peke yake. Kwa lugha yake Hermelinda ana mdomo mchafu wa kuvunja mbavu, lakini kwangu alisikika siku zote kama msomaji wa habari redioni.

"Ndugu daktari," aliniita, "mama yangu mzazi anaeleza kwamba hajawahi kumsikia ndege wetu hata mara moja. Masikio yake yamechoka na sauti ile iko juu mno. Nimeipunguza kasi ili naye aisikie tutakapokwenda mbele ya Baraza. Tafadhali thibitisha kwamba sijaiharibu."

Akabonyeza.

Ulisikika mluzi mfupi, halafu mwingine wenye mkwaruzo katikati, halafu mmoja mrefu unaopanda mwishoni. Kimya. Ukarudi vilevile. Kimya. Ukarudi mara ya tatu, na hapo kimya kikatanda.

Nami, bila kuinua macho kutoka kwenye kiazi, nikajibu. Nilipiga mluzi wa sauti mbili zinazoshuka. Ulinitoka wenyewe, kama unavyosema karibu mtu akibisha mlangoni kabla hujajua ni nani.

Hermelinda akaangua kicheko. "Je, mnafahamiana?"

Kisu kilinidondoka, kikanikosa mguu chupuchupu. Nilimwomba arudie. Akarudia. Ilikuwa hodi, na niliijua.

*

Lazima nieleze ile hodi yetu. Zamani, katika msitu wa Shengena kule kwetu Upare, nilikuwa mwanafunzi na Mwadime Mghalu alikuwa kiongozi wa msafara. Mtaita yule, mrefu, mcheshi, mwenye macho ya kumwona ndege nyuma ya jani. Shengena ina ukungu wa kukupotezea mkono wako mwenyewe, na ukiita mwenzako kwa sauti unafukuza ndege wote. Basi tukatunga mluzi. Anayemtafuta mwenzake anapiga hodi, anayesikia anapiga karibu. Hodi zenyewe ni tatu. Usipojibiwa ya tatu unageuka na kwenda zako, maana ndivyo tulivyolelewa, yeye ng'ambo ile ya mpaka na mimi ng'ambo hii. Mtu hang'ang'anii mlangoni pa watu.

Hodi yangu ilikuwa na kasoro. Nina mwanya kwenye meno ya mbele, wa kuzaliwa nao, na mluzi ukipita pale hukwaruza. Mwadime alikuwa akinitania kwamba hodi ya Nakundwa ina mchanga ndani.

Sasa mkwaruzo ule ule ulikuwa kwenye koo la ndege wa Puyupampa, nami ndiye niliyeuandika katika maelezo yake ya kisayansi, kwa fahari kabisa: mkwaruzo wa pekee katikati ya noti ya pili. Ndege huyu ni mdogo, wa kahawia, mkia umesimama wima, na huishi chini kwenye mianzi. Kwa kasi yake mwenyewe wimbo wake ni mlio mwembamba tu wa gurudumu lisilotiwa mafuta, hakuna sikio la mtu lingetambua hodi mle ndani. Nyuma ya mgongo wa mlima kuna binamu yake, na ukiwashika wote wawili viganjani hutawatofautisha. Milima ile imejaa ndege wa namna hiyo, na mara nyingi kinachowatenga ni wimbo. Binamu humwaga maneno bila kupumua. Wa kwetu husema yake mara tatu, kisha hunyamaza na kungoja. Ndiyo maana tulimwita Subira.

Na Subira alikuwa amebeba bonde zima. Chini ya mianzi ile kuna shaba, na kampuni ilikuwa imeshapima hadi njia za malori. Sheria inasema bonde lenye kiumbe asiyepatikana kwingine duniani haliguswi. Anayeamua kama kiumbe ni wa peke yake ni Mizani, mashine ya Baraza la Majina, ambayo hulinganisha nasaba, umbo na sauti. Nasaba ya Subira ilisema labda. Umbo lilisema hapana. Sauti ndiyo iliyomvusha.

Ndege wa jamii hii hawazaliwi na wimbo. Kinda hujifunza kwa kumsikiliza baba yake na majirani, jinsi mtoto anavyookota lugha ya nyumbani. Kwa hiyo tulikuwa na amri bondeni: marufuku kupiga mluzi. Mwadime ndiye aliyeiweka, kabla sijafika. Siku yangu ya kwanza nilimpigia hodi ya zamani kwa furaha ya kumwona, naye akaniziba mdomo kwa kiganja, akanifokea mbele za watu. Nilimsifia sana siku ile. Nilisema moyoni, huyu ndiye mwanasayansi.

*

Asubuhi iliyofuata niliteremka bondeni na spika begani. Nilitaka kukosea. Niliomba Mungu nikosee, nami si mtu wa kuomba ovyo.

Kwanza nilicheza wimbo wa binamu wa nyuma ya mlima. Kama hodi ile ilikuwa haijawatenga na ndugu zao, dume angepaswa kuchomoka kwenye mianzi akiwaka hasira kwamba jirani amemwingilia. Hakuna aliyetoka. Nikasogea mbele, nikacheza tena, na tena. Mianzi ikakaa kimya. Kisha nikacheza wimbo wa Subira, na kabla hodi ya pili haijaisha dume akaruka hadi karibu na kiatu changu, manyoya yamesimama, akitafuta nani amekuja kubisha kwake. Jike akafuata nyuma.

Nikakaa chini kwenye matope. Ndege hawa hawakuwaelewa tena ndugu zao. Majike walikuwa wakichagua waume kwa hodi ya mtu, na hodi yenyewe ni yangu. Nililia kwa hasira hadi kamasi, na yule dume mjinga akaendelea kunibishia hodi.

*

Mwadime alirudi kutoka Lima mchana wa siku ile. Nilimkuta barazani akifuta moja ya yale masikio yetu, vyombo vidogo vya kusikilizia tunavyotundika mitini. Kila sikio lina mdomo pia, wa kuchezea sauti pale tunapofanya majaribio. Midomo ile ilitakiwa ifungwe mwaka mzima.

"Kaka Mwadime," nikasema, "nani alimfundisha Subira hodi?"

Hakushtuka, na hilo ndilo lililonikata maini kuliko yote. Aliendelea kufuta.

"Umekawia," akasema. "Mimi nilidhani uliijua kitambo, ukaamua kunyamaza. Nikasema, Nakundwa ni mtu mzima, ameelewa."

"Nilijua nini? Nilikuwa nakuamini!"

"Hebu keti kwanza, dada. Nisikize."

"Sikai."

"Sawa, simama. Nyinyi Wapare mnapenda kesi hadi na vivuli vyenu." Alitabasamu, utani wetu wa tangu Shengena. Sikucheka, na tabasamu lake likaisha lenyewe.

Akanieleza. Kabla kampuni haijafika kupima, alifungua midomo ya masikio kwenye viota, akacheza hodi iliyoongezwa kasi, misimu ya makinda, kila alfajiri. Makinda wakasikia hodi zaidi ya walivyomsikia baba. Waliokua wakawafundisha wanao, naye akaifunga midomo. Hakuna aliyejua.

"Na kwa nini mluzi wangu?"

"Wangu Mizani inaujua. Nimewaita ndege kwa mdomo tangu ujana, nimesajiliwa nao. Ingeninasa siku hiyo hiyo. Wako ulikuwa kwa kanda zangu za Shengena tu, hakuna pengine."

"Kwa hiyo ukaiba wangu. Halafu ukaniita kutoka nyumbani, ukanilipia safari, ukaniambia, dada, kuna ndege huku nakuachia wewe umgundue. Nikagundua mdomo wangu mwenyewe!"

"Ningefanyaje sasa? Mizani husoma uso wa shahidi, na sauti yake. Mimi nisingepita. Ilibidi asimame mtu anayeamini." Akaliweka sikio mezani, na kwa mara ya kwanza akaniangalia. "Na hakuna mtu ninayemjua anayeamini kama wewe."

Alisema kama ananipa zawadi. Ningempiga kibao ningeona raha.

"Kule kwetu Taita," akaendelea, sauti imeshuka, "kulikuwa na kandege ka kijivu, kwa kipande cha msitu ambacho ungekizunguka kwa miguu. Wataalamu wakabishana. Huyu ni spishi, au ni namna tu ya spishi ingine? Wakabishana wee. Siku walipokubaliana ni spishi, msitu ulishakuwa mbao. Mimi nilikuwa kwa kile kikao. Nilipiga makofi kama mwendawazimu, wakimpa jina ndege ambaye hayuko."

Nilimwonea huruma, na nilichukia kumwonea huruma.

"Majike hawamtaki tena yule wa nyuma ya mlima," akasema. "Umejaribu, si ndiyo? Naona matope kwa sketi yako. Basi waache vizazi kadhaa watakuwa spishi kikweli. Mimi nimewasukuma tu kidogo."

"Umewafungia ndani, kaka. Bonde likichimbwa wataenda wapi? Ng'ambo hakuna anayejua lugha yao."

"Ndiyo maana lisichimbwe." Akanisogelea. "Usiende Lima. Sema umeugua. Ulishatoa ushahidi wa awali mbele ya Mizani, na ulipoutoa ulikuwa wa kweli. Ukikosa kufika, unasimama hivyo hivyo na jina linapita. Sikuombi udanganye. Nakuomba ukae nyumbani tu."

Aliyajua yote niliyokuwa nayo moyoni, akayapanga kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Kukaa nyumbani, basi. Mianzi ingebaki, chemchemi zingebaki, Hermelinda angebaki na kijiji chake. Nami ningezeeka nikipigiwa makofi kwa ajili ya mwanya wa meno yangu.

*

Nilikwenda Lima.

Ukumbi wa Baraza ni mweupe na wa baridi, na Mizani yenyewe haionekani, ni sauti tu na ukuta unaochora mistari. Wajumbe walikaa mbele. Hermelinda alikaa na mama yake mstari wa kwanza, wamevaa kofia zao za sikukuu. Mwadime alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Wakacheza wimbo, kwanza kwa kasi yake, kisha ile nakala ya taratibu aliyotengeneza Hermelinda. Bibi kizee akashika mkono wa bintiye. Alikuwa ameishi bondeni maisha yake yote na hii ndiyo siku ya kwanza aliyomsikia ndege wake. Akatabasamu kwa meno yake yaliyobaki, akaanza kuigiza wimbo ule kwa midomo, bila sauti. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama aliyeongoza kikao akauliza swali la mwisho, ambalo huulizwa kila shahidi na kila shahidi huitikia kwa mazoea. "Je, kuna mkono wa mtu katika sauti hii?"

Ningependa kusema nilifikiria mabonde mengine, kwamba uongo wetu ungekuja kufichuka na ndege wa kweli wa watu wengine wakaanza kutiliwa shaka. Nilifikiria hilo pia. Lakini aliyenisimamisha alikuwa Mwadime. Nilitazama nyuma, nikaona ananitazama kwa utulivu, ana uhakika nami, hata sasa anadhani atanitumia. Nilijawa na uchungu wa mtu aliyeuzwa na ndugu yake.

"Upo," nikasema. "Ni mdomo wangu."

Nikapiga hodi. Mwanya ukakwaruza pale pale unapokwaruza siku zote. Ukutani Mizani ikachora mstari wangu, ikaubana, ikaulaza juu ya mstari wa Subira, na mistari ikawa mmoja. Nikapiga mara ya pili na ya tatu. Kisha nikawaeleza kila kitu, na jina la aliyefanya nikalitaja.

"Jina limesitishwa," Mizani ikasema. "Bonde linarudi katika hali ya kawaida." Ilisema bila chuki yoyote. Nilipogeuka, kiti cha karibu na mlango kilikuwa kitupu.

Hermelinda alinikuta kwenye korido. Uso wake ulikuwa umewaka na mdomo ukienda mbio, lakini sikioni mwangu alikuwa bado yule msomaji wa habari, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi.

"Ndugu daktari, tulikuwa na kesi ya maji. Chemchemi zile zinatunywesha sisi na vijiji vya chini. Mwenzako alitushauri tuiondoe. Alisema Baraza halina sikio la maji, lina sikio la ndege. Tukaiondoa kwa sababu yenu. Alitufanya tusimame nyuma ya ndege wa kutengenezwa, wakati tulikuwa na kitu cha kweli mikononi."

"Sikujua, dada. Naapa sikujua."

"Ninaamini hukujua. Na leo umesema kweli na utakwenda kupumzika, lakini malori yatapita kwangu." Akamtazama mama yake. "Mama yangu anauliza ndege alikuwa anasema nini. Nimwambie nini?"

Nikamweleza maana ya hodi. Akamtafsiria mama yake, na bibi kizee akauliza kitu kifupi.

"Anauliza," Hermelinda akasema, "kama kuna mtu aliwahi kumfungulia."

Wakaondoka wote wawili kwenda kutafuta wakili wa maji, na hawakunikaribisha niwafuate.

*

Nilirudi Puyupampa peke yangu kutundua masikio. Hermelinda alikuwa amefungua upya kesi ya maji, na kampuni ilikuwa imefungua yake, na hakuna anayejua nani atatangulia. Mimi nilitakiwa kuondoa vyombo vyetu tu. Niliteremka asubuhi, ukungu umefunga, nikawa natembea kwa kupapasa mianzi.

Nilikuwa nafungua kamba ya sikio la mwisho niliposikia hodi. Haikuwa ya ndege. Ilikuwa nzito, ya taratibu, safi bila mchanga, ikitoka upande wa juu kwenye njia. Niliijua kabla haijafika mwisho. Mguu wangu ulisogea wenyewe na midomo ikajikunja tayari kujibu, maana miaka ile yote, katika ukungu wa kila namna, sijawahi kuiacha hodi yake ikipotea.

Nikauma midomo.

Akapiga ya pili. Sauti ilimtetemeka kidogo mwishoni. Alikuwa karibu mno, angenyoosha mkono pengine angenigusa, na sikujua kama amekuja kuomba msamaha au kunilaumu. Nilikuwa nampenda kaka yule. Nilitaka kumjibu, na sikumjibu.

Akapiga ya tatu, akangoja. Kisha nikasikia viatu vyake vikigeuka kwenye matope na kupanda, taratibu, hadi sikuvisikia tena. Alilelewa vizuri, hakung'ang'ania mlangoni.

Nikabaki nimeshika kamba. Ndipo kwenye mianzi, chini kabisa karibu na goti langu, ukaanza ule mlio mwembamba wa gurudumu, mara moja, mara mbili, mara tatu. Labda Subira yule alikuwa amesikia hodi ya Mwadime, hata ikiwa ya taratibu vile, akadhani ni jirani. Akanyamaza. Nilimwona sasa, kahawia, mkia wima, kichwa kakiinamisha upande, anangoja kama alivyofundishwa.

Huyu hakunikosea kitu.

"Karibu," nikamwambia. Nilisema kwa neno, polepole, si kwa mluzi, asije akajifunza tena kitu kutoka kwetu.